Swali Nyuma ya Kioo

Kabla ya kupiga kona, Wilf Cronshaw aliinua macho akamtafuta Zillah.

Alijua pa kumtafuta. Tangu msimu uanze, Zillah Entwistle alikuwa akisimama mahali pale pale, nyuma ya ukuta mfupi karibu na kibendera cha kona ya kulia, kwa sababu Wilf alikuwa winga wa kulia na kipande kile cha uwanja kilikuwa chake. Mvua nyembamba ya Thornclough ilikuwa ikinyesha. Nyuma ya Zillah uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele. Wilf akauweka mpira chini, akajipangusa tope usoni kwa mkono wa jezi, kisha midomo yake ikacheza bila kutoa sauti.

"Kesho. Chai. Uniwekee kiti mbali na baba yako."

Zillah akacheka ndani ya shali yake. Akamjibu vivyo hivyo, kwa midomo mitupu. "Piga mpira wako. Watu wanangoja."

Thornclough ulikuwa mji wa viwanda vya kufuma. Ndani ya kiwanda mitambo yote ililia kwa pamoja tangu alfajiri, na sauti ya mtu haikufika hata kwenye sikio lake mwenyewe. Kwa hiyo wanawake wa mitambo walizungumza kwa midomo. Walisengenyana, walipanga harusi, waligombana na kupatana, na hakuna aliyetoa sauti. Wilf aliijua lugha ile kwa sababu mama yake alikuwa mfumaji, na yeye mwenyewe alifagia chini ya mitambo mpaka miguu yake ilipomtoa huko. Kwa msichana kama Zillah, ambaye hata kanisani aliimba kwa kunong'ona, lugha ile ilikuwa kimbilio. Mapenzi yao yote yalisemwa hivyo. Hakuna hata neno moja la mapenzi lililowahi kupita kati yao kwa sauti.

Wilf akapiga. Mpira ukapinda, ukashuka mbele ya goli, na mshambuliaji wa Rovers, timu ya mji, akaupiga kichwa ukaingia wavuni. Kofia zikaruka hewani. Letty, shoga yake Zillah aliyefuma naye mitambo ya kuelekeana, akamkumbatia huku akirukaruka.

Zillah hakuutazama mpira. Alitazama jukwaani, kwenye viti vya wakubwa, kuona kama Bwana Ormerod, mwenyekiti wa klabu, amefurahi. Ndivyo alivyofanya kila mara Wilf akicheza vizuri, kama mama anayemtazama mwalimu wa mtoto wake. Bwana Ormerod alikuwa amemwinamia mgeni aliyevaa kofia ngumu nyeusi. Ormerod alikuwa na kiwanda chake sasa, lakini alizaliwa mtaa ule ule wa akina Zillah, na bado alizungumza kwa kufungua mdomo wote kama mfumaji.

"Umeona mwenyewe," midomo yake ilisema. "Huyo ndiye mliyemnunua."

Mgeni akasema kitu ndani ya masharubu.

"Jumatatu asubuhi atapanda treni ya London," Bwana Ormerod akajibu. "Hapana, hajaambiwa. Ataambiwa mechi ikiisha."

"Shoga, una nini?" Letty alikuwa akimtikisa. "Tumefunga! Mbona umekuwa mweupe kama unga?"

"Wamemuuza."

"Wamemuuza nani?"

"Wilf. Anakwenda London. Keshokutwa."

Letty akageuka kutazama jukwaani, akaisoma ile midomo iliyokuwa bado inacheka. "Mungu wangu. Hata kumuuliza?"

"Hawaulizwi," alisema mzee mmoja aliyesimama karibu nao, akidhani wanazungumzia mpira tu. "Mchezaji ni mali ya klabu, binti. Akikataa kwenda, wanamfungia. Hachezi hapa, hachezi kokote. Atakaa nyumbani avute kiko."

Uwanjani, Wilf alikuwa akirudi kwenye nafasi yake huku wenzake wakimpigapiga mgongoni. Alimtazama Zillah tena na kutabasamu, yule Wilf ambaye bado hakujua. Zillah akamrudishia tabasamu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwa midomo yake.

*

Jumapili, chumba cha mbele cha nyumba ya Entwistle kilifunguliwa. Kilifunguliwa Jumapili tu, na siku za msiba, na siku hiyo Zillah hakuwa na hakika ni lipi kati ya hayo mawili.

Mama yake, Hannah, alitandika kitambaa cheupe. Juu yake akapanga paja la nguruwe lililochemshwa, mkate na siagi, matunda ya kopo, na keki ya mbegu aliyoioka tangu Ijumaa. Mama Hannah alisimama kwenye mitambo tangu utotoni mpaka masikio yake yakafa. Nyumbani aliongea kidogo, na mumewe alimwambia mambo kwa kupiga kelele, hivi kwamba jirani walijua kila siku familia ile ingekula nini.

Mzee Josiah Entwistle mwenyewe hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alikuwa na duka la vyakula pale pembeni mwa mtaa, na alikuwa mzee wa kanisa. Alikubali Wilf aje kunywa chai baada ya Zillah kumbembeleza majuma kadhaa, na mtaa mzima ulijua kijana anakuja kuomba nini. Mtaa mzima ulijua pia atajibiwa nini.

Wilf aliingia akiwa amevaa suti yake ya pekee, nywele amezilaza kwa maji, kofia mkononi. Zillah alimtazama usoni mara moja tu akajua kwamba ameshaambiwa. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni.

"Kaa, Cronshaw," alisema Mzee Entwistle. "Mara ya mwisho ulipokaa kwenye kiti hicho ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuja kuchukua jezi za timu ya kanisa."

"Nakumbuka, Mzee. Ulinipa na biskuti."

"Nilikupa biskuti moja. Ukachukua tatu."

"Nilikuwa nakua, Mzee."

"Sote tulikuwa tunakua, na hatukuiba." Akachukua kisu, akaanza kukinoa taratibu. "Timu ile tuliianzisha ili kuwaweka vijana mbali na baa. Tukakufundisha, tukakushonea jezi. Kisha Rovers wakaja kukuchukua. Na wewe ukaenda kutia saini wapi?"

Wilf akashusha macho. "Baa, Mzee."

"Baa," Mzee Entwistle akakiambia kile kisu.

Alipoinama kukata nyama, Wilf akainua uso. Midomo yake ikacheza.

"Wameniuza."

Zillah akamjibu bila sauti, akimimina chai. "Najua. Nilimwona Ormerod akisema, jana."

"Ulijua kabla yangu?"

"Ulikuwa bado unacheza. Sikuweza kukwambia. Ulikuwa unacheka."

"Na hata hao wanaojiita mabingwa," Mzee Entwistle aliendelea, macho yake kwenye nyama, "nimewaona mwisho wao. Wakifika miaka thelathini, mmoja anachechemea, mwingine anauza bia na kuwasimulia walevi goli alilofunga zamani. Goti lako la kushoto lilikuwaje, Cronshaw? Mwaka juzi ulilala miezi mingapi?"

"Lilipona, Mzee."

"Nakuuliza habari za kulala, wewe unanijibu habari za kupona. Unapenda nyama yenye mafuta au isiyo na mafuta?"

"Yoyote, Mzee," alisema Wilf. Na kwa midomo, akimtazama Zillah kana kwamba kati yao hapakuwa na meza wala birika wala baba, alisema, "Niambie nibaki."

Zillah akaendelea kumimina mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Ukibaki utafanya nini?"

"Nitarudi kiwandani. Kuna nafasi ya kusukuma marobota ya pamba. Sema neno moja tu, Zillah. Nitabaki."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lilimjaa Zillah mdomoni. Alimwona Wilf akisukuma mkokoteni wa marobota jioni baada ya jioni, akirudi nyumbani, kwao wawili, na nyuzi za pamba kwenye nywele. Akamwona pia Jumamosi mchana, amekaa jikoni, dirisha limefungwa ili asisikie kelele za uwanjani. Dirisha lisingesaidia. Kelele zile zilifika mpaka makaburini.

Alifungua midomo, na kabla haijasema lolote akamwona mama yake. Mama Hannah alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, akipaka mkate wake siagi. Midomo ya Mama Hannah ikafunguka polepole, mikubwa na safi kuliko ya mfumaji yeyote Thornclough.

"Punguzeni sauti. Mnanipigia kelele."

Zillah akahisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Wilf akabanwa na mkate kooni. Walikuwa wamemhofu mzee asiyeijua lugha yao, wakamsahau aliyewafundisha nusu ya mji kuisema.

"Mpigie mgongoni," alisema Mzee Entwistle, bila kuinua macho. "Hawa wachezaji hawajui hata kutafuna."

Mama Hannah hakumaliza. Alimwelekea binti yake. "Muulize jambo moja. Amekuja kuomba, au amekuja kuaga?"

Zillah akauliza. Swali lile lilikuwa zito kulibeba hata bila sauti. Wilf alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Saa ya ukutani iliendelea, na kisu kikaendelea kukata.

"Jana mchana nilikuwa nakuja kuomba," hatimaye midomo yake ilisema. "Leo nimekuja kuaga. Wamenifunga kamba shingoni kama farasi, Zillah. Sijui nitalala wapi. Mwaka kesho wanaweza kuniuza tena, mji mwingine, bila kuniuliza. Nitamwomba baba yako nini? Mtu aliyeuzwa hana la kuomba."

"Kwa hiyo umeshaamua."

"Nakuamulia lililo jema."

Kitu kikavunjika ndani ya Zillah, taratibu, kama uzi unavyokatika kwenye mtambo na mfumaji asijue mpaka atazame kitambaa. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba jema lake alilijua mwenyewe. Lakini uso wake ulikuwa umekufa ganzi, na neno pekee lililotoka lilikuwa lile ambalo hakulitaka.

"Basi nenda."

Wilf aliipokea kauli hiyo kama mtu anayepokea kofi. Akakunja leso yake ya mezani, akasimama. "Mzee Entwistle," alisema kwa sauti, na sauti yake ilikuwa imekauka, "nimekuja kuaga. Nimenunuliwa na klabu ya London. Naondoka kesho asubuhi."

Mzee Entwistle akaweka kisu chini. Alimtazama kijana kwa muda, kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa akihesabu maua yaliyotariziwa kwenye kitambaa cha meza. Kila aliyemjua angetegemea aseme jambo kali. Alinyoosha mkono tu.

"Safari njema, Cronshaw. Funga shingo vizuri, treni zina baridi."

Mlango ulipofungwa hakuna aliyegusa keki. Hata Mzee Entwistle, ambaye hakuwahi kuacha keki ya mbegu tangu siku ya ndoa yake, alikiacha kipande chake kizima kwenye sahani, akaenda kusimama dirishani.

*

Jumatatu Zillah alifuma vibaya. Nyuzi zilikatika akaziacha, kitambaa kikatoka na mstari ulio wazi katikati. Letty alimwona kutoka kwenye mitambo yake, midomo yake ikacheza.

"Shoga! Unafuma kitambaa au wavu wa goli?"

Zillah akasimamisha mtambo. Macho yalikuwa yanamwasha kwa kukosa usingizi. "Letty, Ormerod hakumuuliza Wilf."

"Hilo tunalijua."

"Na Wilf hakuniuliza mimi."

Mikono ya Letty ilisimama. "Hakukuuliza?"

"Alisema niseme abaki. Akasema ananiamulia lililo jema. Lakini hakuuliza mimi nataka nini. Alikasirika kwa sababu watu walimpangia maisha bila kumuuliza, kisha akaja kwenye meza yetu akanifanyia vile vile. Na mimi nikamwambia nenda. Nilikuwa na hasira, Letty. Sikujua ni hasira ya nini mpaka usiku, nimelala natazama dari."

"Treni yake saa ngapi?"

"Asubuhi hii, wakati wa mapumziko ya chai."

"Na wewe bado umesimama hapa unanisimulia mimi?"

"Stesheni kuna watu, Letty. Watanitazama."

"Watakutazama, ndiyo! Wana macho! Ukichelewa kurudi nitakuwashia mitambo yako. Na kasoro hiyo nitasema nimeifanya mimi, hakuna atakayeshangaa."

Injini ya kiwanda ikazimwa kwa mapumziko. Ukimya ulipoingia ghafla, kama kawaida masikio ya wote yakaanza kuvuma. Zillah alikuwa ameshafika mlangoni. Alikimbia na viatu vyake vya mbao vikigonga mawe ya barabara, shali imemshuka mabegani, pamba kwenye nywele, na watu waliokuwa wakitoka kununua mkate walimpisha.

Stesheni ilikuwa imejaa. Vijana mashabiki wa Rovers walikuja na skafu zao za bluu na nyeupe kumuaga winga wao, na mmoja alikuwa akiimba kwa sauti iliyopasuka.

"Wilf! Huko London wanacheza na glavu, usiwachafue!" mwingine alipiga kelele.

Milango ya mabehewa ilikuwa imeshafungwa. Mwishoni mwa jukwaa, upande wa mizigo, Mzee Entwistle alikuwa na mkokoteni wake, kwa sababu kila Jumatatu alikuja kuchukua masanduku ya siagi ya duka. Zillah alimwona, akasimama. Kwa kitambo akataka kurudi.

Kisha akamwona Wilf.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, kofia imeshuka machoni. Hakuwa akiwatazama waliokuja kumuaga. Zillah alipita katikati ya skafu na viwiko mpaka akasimama mbele ya kioo, na Wilf akainua uso. Alisimama kwa ghafla mpaka kofia ikaanguka. Alivuta mkanda wa ngozi wa kushushia kioo, akauvuta tena. Kioo kilikuwa kimekwama. Akakipiga kwa kiganja. Hakikusogea.

"Nisamehe," midomo yake ilisema nyuma ya kioo. "Nisamehe, mpenzi wangu. Sikulala."

Midomo ya Zillah ilianza kumjibu bila sauti, kama ilivyozoea. Kisha ikasimama. Alihisi macho ya watu mgongoni. Alihisi baba yake kule mwisho wa jukwaa. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Zillah Entwistle akapaza sauti mbele za watu.

"Wao hawakukuuliza!"

Ilikuwa sauti ya mtu asiyezoea kuitumia. Ilianza juu mno, ikapasuka katikati. Kijana aliyekuwa akiimba akanyamaza.

"Hawakukuuliza wewe, Wilf Cronshaw! Na wewe hukuniuliza mimi! Utaniuliza au hutaniuliza?"

Jukwaa zima likageuka. Mlinzi wa treni, aliyekuwa ameshaweka filimbi mdomoni, akaitoa.

Nyuma ya kioo, Wilf alimtazama. Kioo kilikuwa kimeingiwa na ukungu wa pumzi yake, akakifuta kwa mkono wa koti. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyajali. Alisogeza uso karibu kabisa na kioo, na polepole, silabi kwa silabi, kama wanavyosema wanawake wa mitambo jambo wasilotaka lipotee, akauliza.

Hakuna aliyesikia. Aliyeona alikuwa mmoja tu.

"NDIYO!" Zillah akapiga kelele. "Ndiyo! Popote! Ndiyo!"

Filimbi ikalia. Treni ikashtuka, ikaanza kusogea. Zillah akatembea nayo, kiganja chake kwenye kioo na kiganja cha Wilf upande wa ndani, kioo baridi kati yao, mpaka mwendo ukamshinda. Alikimbia kidogo. Kisha jukwaa likaisha, na uso wa Wilf ukawa doa, na doa likaingia ndani ya moshi, na moshi ukabaki ukining'inia juu ya reli ambapo hapakuwa na kitu tena.

"Ndiyo nini?" mmoja wa vijana wenye skafu aliuliza.

"Sijui," mwenzake akajibu, akijifuta pua. "Mpigie makofi tu."

Wakapiga makofi. Zillah alivuta shali ikafunika uso wake. Ndani ya shali, kiganja chake bado kilikuwa na ubaridi wa kioo, akakiweka shavuni ili ubaridi ule usiondoke upesi.

Alipofunua uso, baba yake alikuwa amesimama mbele yake na mkokoteni wa siagi.

"Baba, mimi..."

"Jana alisema amekuja kuaga," alisema Mzee Entwistle. "Leo amesemaje? Nilikuwa kule kwenye masanduku, nimeona kisogo chako tu, midomo yake sikuiona."

Zillah alimkodolea macho. Ilimchukua muda kuelewa alichosikia. "Baba. Jana... uliona?"

"Kisu kinachong'aa ni kioo kizuri."

"Lakini wewe huijui lugha ya midomo! Unampigia Mama kelele kila siku!"

"Hiyo ni mchana, ili wateja wajue nyumba ina mwenyewe." Mzee Entwistle akavua kofia yake, akaichunguza ndani, akaivaa tena. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nimekaa na mama yako tangu kabla hujazaliwa, Zillah. Masikio yake yalikufa mwaka wa pili wa ndoa. Ulidhani maneno ya mume na mke nilikuwa nampigia kelele, jirani wasikie?"

Zillah alicheka, na kicheko kikageuka kilio njiani. Baba yake alitazama pembeni mpaka kikatulia.

"Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia," alisema kwa upole. "Hotuba nzima. Nimeifanyia mazoezi dukani wiki mbili, naikaripia jibini. Kisha yule kijana akasema mtu aliyeuzwa hana la kuomba. Nikaona kwamba mimi nilimdhani mwizi wa biskuti, kumbe anaogopa kuchukua hata alichopewa." Akakohoa. "Bado sipendi mpira. London siipendi. Na goti lile silipendi kabisa. Haya, nieleze. Ameuliza nini?"

Zillah alijaribu kulisema, lakini sauti yake yote ilikuwa imeondoka na treni. Basi akainua uso na kumwambia kwa midomo. "Ameniuliza kama nitakubali kuwa mke wake, hata kama hana mji wa kunipeleka."

Mzee Entwistle alisoma mpaka neno la mwisho. Kisha, pale stesheni, mbele ya vijana wenye skafu na masanduku yake ya siagi, midomo ya mzee wa kanisa ikafunguka bila sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kusema na binti yake hivyo, na ilikuwa na lafudhi ya mkewe.

"Msimu ukiisha, aje aniombe kwa sauti. Nataka kuisikia."

King'ora cha kiwanda kikalia. Zillah alimbusu baba yake shavuni, akakimbia.

Letty alikuwa amemwashia mitambo. Alitaka kuuliza, lakini alimwona Zillah usoni akaacha. Kelele zikapanda na kukijaza kiwanda chote, na vyombo vya kupitisha uzi vikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Msimu ulikuwa haujafika hata nusu. Sasa hivi treni ilikuwa ikivuka vilima, na huko mbele kulikuwa na mji asioujua, na uwanja, na kona ya kulia ambayo nyuma yake wangesimama watu wengine.

Zillah akainama juu ya kitambaa, akakamata uzi uliokatika, akaufunga. Na huku mikono yake ikifanya kazi, midomo yake ikaanza kulisema jina lile, mara moja, na tena, na tena, bila sauti yoyote.

Letty, upande wa pili, aliliona. Akageuza uso wake polepole, kama mtu aliyepita karibu na mlango ulioachwa wazi asitake kuchungulia.